Bustani ya Anasa: Tunda Lililompita Mtu Kimo

Katika mambo yatupasayo sisi tufundishao, ni machache yaliyo magumu kuliko hili: kumwonyesha mwanafunzi ubaya wa dhambi bila kumfundisha kuichukia furaha. Mwalimu akiikemea anasa kwa ukali, mtoto atauliza, "Mwalimu, je, kucheka ni dhambi? Utamu wa embe ni dhambi? Ngoma ya mavuno ni dhambi?" Naye mwalimu akijibu upesi kwamba furaha yote ni njema, mtoto yule yule ataondoka na ruhusa ambayo hakupewa. Swali hili ni la zamani, wala si wenye maneno peke yao waliojaribu kulijibu. Wachoraji nao wamelijibu kwa rangi. Hapa twataka kuitazama picha moja iliyolishughulikia swali hili kwa ujasiri mwingi, nayo ni ile iitwayo Bustani ya Anasa, kazi ya Hieronymus Bosch.

Mchoraji huyu jina lake la ukoo lilikuwa van Aken. Alizaliwa karibu na mwaka 1450 katika mji wa 's-Hertogenbosch, uliokuwa siku zile katika nchi ya Brabant, na leo umo katika Uholanzi. Jina la Bosch alilitwaa katika jina la mji wake. Babu yake na baba yake walikuwa wachoraji pia. Alifariki mwaka 1516, na misa ya maziko yake ilisomwa mwezi wa Agosti. Alikuwa katika Udugu wa Bibi Yetu, chama cha waumini waliomheshimu Bikira Maria katika kanisa kubwa la mji, nacho chama hicho kilijulikana kwa kuwatunza waimbaji wa kanisa. Twayataja haya kwa kuwa wengi wakiziona picha zake hudhani kwamba alikuwa mzushi au mtu aliyerukwa na akili. Kumbe alikuwa mtu wa kanisa, mwenye mke na nyumba, mwenye heshima kwao.

Picha yenyewe imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni, nayo hukadiriwa kuwa ya miaka ya kati ya 1490 na 1500. Ina sehemu tatu: ubao mkubwa wa katikati, na mbao mbili za kando zifungwazo juu yake kama mbawa za dirisha. Ikifunguliwa, pamoja na fremu zake, kimo chake chapita kidogo mita 2, na upana wake wakaribia mita 4. Mwaka 1517 Antonio de Beatis, Mwitalia aliyekuwa katibu wa kardinali, aliiona katika jumba la wakuu wa Nassau mjini Brussels. Baadaye Duke wa Alba aliitwaa kwa nguvu katika mali ya William wa Orange. Mwaka 1593 ilipelekwa El Escorial, nyumba ya watawa iliyojengwa na Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, na tangu miaka ya 1930 imo katika jumba la Prado, mjini Madrid.

Kabla ya kuitazama, yafaa tusimame kidogo penye jina. Jina hili si la mchoraji. Wahispania walipoiandika katika daftari la El Escorial waliieleza kuwa ni picha ya mambo mengi ya dunia, wakaitaja kwa jina la madronyo, yaani mti wenye matunda mekundu yaliyo kama stroberi. Jina la siku hizi lilikuja nyuma. Waholanzi huiita Tuin der lusten, na katika lugha yao neno hili la mwisho hushika tamaa na raha pamoja. Sisi twatenga. Raha ni pumziko la mwili au la moyo. Starehe ni raha ya mtu asiyesumbuliwa. Ladha ni ya ulimi. Furaha ni ya moyo. Anasa ni raha iliyotafutwa na kuandaliwa, na mara nyingi kununuliwa. Bali tamaa si raha hata kidogo, ni njaa ya raha. Tena neno anasa limetoka katika Kiarabu, na asili yake huko ni kuzoeana na kukaa pamoja kwa upendo. Katika shina lake hamna dhambi. Dhambi imeingia katika matumizi, kama kutu iingiavyo katika jembe lililokuwa zima.

Wala si neno letu peke yake lililopatwa na jambo hili. Katika Biblia ya Kilatini, iliyosomwa makanisani siku za Bosch, bustani aliyoipanda Mungu katika Mwanzo 2:8 yaitwa paradiso ya raha. Basi msomaji wa siku zile, aliposikia habari za bustani ya raha, hakufikiri kwanza habari za ulevi na uasherati. Alifikiri habari za Adamu kabla hajaanguka. Tusipolishika jambo hili hatutaielewa picha, kwa maana tutadhani kwamba raha ndiyo iliyoshtakiwa ndani yake.

Sasa tuitazame. Ikiwa imefungwa, twaona kwa nje dunia iliyo ndani ya tufe kama la kioo, yenye maji na mawingu na mimea, haina mnyama wala mtu. Ni siku ya tatu ya uumbaji. Rangi yake ni ya kijivu, kama ya alfajiri kabla jua halijatoka. Juu, katika pembe ya kushoto, yuko Mungu, mdogo sana, ameshika kitabu. Na maneno ya Zaburi ya 33, aya ya 9, yameandikwa hapo, yanayoshuhudia kwamba ulimwengu ulikuwako kwa neno lake. Haya ndiyo ya kwanza kuonekana, nasi twaomba msomaji ayaweke moyoni: picha hii ya dhambi yaanza na neno la Mungu juu ya ulimwengu alioufanya mwenyewe.

Ikifunguliwa, ubao wa kushoto waonyesha Edeni. Mbele yupo Mungu katika sura ya Kristo, amevaa vazi la rangi ya waridi, amemshika Hawa mkono na kumleta kwa Adamu aliyeketi. Nyuma yao kuna chemchemi ya rangi ile ile ya waridi, na wanyama wengi, miongoni mwao tembo na twiga. Twiga huyu ni mweupe, naye hudhaniwa kuwa alichorwa kwa kufuata michoro ya msafiri aliyefika Misri. Kwa sisi tunaowajua twiga kwa macho si kazi kuona kwamba mchoraji alimchora kwa kusikia. Lakini hata humo Edeni utulivu si mkamilifu. Paka amekamata mawindo kwa meno yake. Katika dimbwi la mbele mna viumbe vya ajabu vilivyotoka majini. Na katikati ya chemchemi, ndani ya tundu la mviringo, ametulia bundi.

Ubao wa katikati ndio mkubwa, nao umejaa watu. Ni mamia ya wanaume na wanawake walio uchi, wamo katika majani mabichi na maji ya buluu, chini ya anga safi isiyo na wingu la mvua. Wanakula matunda, wanabeba matunda, wanaingia ndani ya matunda. Stroberi, ambalo kwa kweli ni tunda dogo jekundu la mmea utambaao karibu na ardhi, hapa ni kubwa kuliko mtu. Ndege nao wamezidi: mdiria, hudihudi na bata, wakubwa kuliko watu waliokaa karibu nao. Wawili wameketi ndani ya kiputo chembamba kama kioo, kilichochanua juu ya mmea. Mtu mmoja amebeba kome mkubwa mgongoni, na ndani ya kome mna wapenzi wawili. Katikati kuna kidimbwi cha wanawake wanaooga, na wanaume waliopanda farasi, ngamia na wanyama wengine wanakizunguka, wanazunguka wasifike popote. Na kando ya maji, kushoto, kijana mmoja amemkumbatia bundi mkubwa.

Ubao wa kulia ni Jehanamu. Juu mji unateketea usiku. Chini kuna ziwa lililoganda kwa baridi, na juu yake amesimama yule ambaye wengi humwita Mtu-Mti: miguu yake ni magogo yaliyosimama katika mashua, kiwiliwili chake ni ganda la yai lililovunjika, na ndani ya ganda mna watu walioketi mezani kama walevi katika kilabu. Uso wake ni wa mtu, naye amegeuza kichwa anaangalia nyuma. Masikio mawili makubwa yanakwenda pamoja na kisu katikati yao. Mtu mmoja ametundikwa katika nyuzi za kinubi. Mwingine amelaliwa na udi, na noti za muziki zimeandikwa matakoni pake. Jini mwenye kichwa cha ndege, aliyeketi juu ya kiti kirefu, anawameza watu na kuwatoa nyuma yake shimoni. Mwanamke anaonyeshwa uso wake katika kioo kilichowekwa penye makalio ya shetani. Wacheza kamari wameangushwa pamoja na meza yao. Nguruwe aliyevaa shela ya mtawa anambembeleza mtu atie sahihi katika hati. Naye sungura, amevaa kama mwindaji, amembeba mtu juu ya mti kama mawindo.

Hizo ndizo habari za picha. Ni nini maana yake? Wataalamu hawakupatana, na kutopatana kwao kwatufundisha kitu. Padre José de Sigüenza, mtawa wa El Escorial, aliandika mwaka 1605 kumtetea Bosch juu ya shtaka la uzushi. Alisema kwamba wachoraji wengine humchora mtu alivyo kwa nje, bali huyu alithubutu kumchora alivyo kwa ndani; na tunda lile jekundu aliliona kuwa mfano wa utukufu wa dunia, ambao ladha yake haikai, mtu haijui vizuri ila ikiisha kupita. Mjerumani Wilhelm Fraenger katika mwaka 1947 alinena kinyume: kwamba ubao wa katikati si lawama bali ni sifa, na kwamba picha ilifanywa kwa ajili ya kundi la siri lililotaka kurudia hali ya Adamu kabla ya dhambi. Naye Ernst Gombrich mwaka 1969 alitoa rai kwamba wale ni watu wa siku za Nuhu kabla ya gharika, wale ambao Bwana wetu aliwataja katika Mathayo 24:37-39.

Rai ya Fraenger hatuwezi kuishika. Hakuna ushuhuda wa kwamba Bosch alikuwa na shirika na kundi kama hilo, na picha twaikuta tangu mapema katika jumba la watu wakubwa, wala haikufichwa. Tena kama ubao wa katikati ni sifa tupu, ubao wa kulia wafanya nini hapo? Lakini tusimtupe mtu huyu mbio. Yeye aliona jambo ambalo wengi wa wahubiri hawakuliona, nalo ni hili: kwamba ubao wa katikati ni mzuri. Hakuna kondo humo, hakuna ugonjwa, hakuna mtu anayempiga mwenzake. Nyuso ni za amani. Mchoraji hakuipaka dhambi masizi ili tuikimbie. Mwenye kuihubiri picha hii kana kwamba yote ya katikati ni machukizo matupu hasemi kweli juu ya picha. Na, twathubutu kusema, hasemi kweli juu ya dhambi pia. Dhambi isiyo na uzuri wowote haimvuti mtu. Wahenga wetu walisema, "Mwonja asali haonji mara moja," wala hawakusema kwamba asali ni chungu.

Rai ya Gombrich yatufaa zaidi, kwa kuwa katika maneno yale ya Injili watu wa siku za Nuhu hawakutajwa kwa uuaji wala wizi. Walitajwa kwa kula na kunywa, kuoa na kuoza, mambo ambayo yote ni halali. Hatia yao ilikuwa kutotambua. Na hivyo ndivyo walivyo watu wa ubao huu: hawatambui. Hatuoni kwa yakini kwamba mchoraji alitaka hasa siku za Nuhu. Twaona kwamba maana hii yaifuata picha vizuri.

Kuna na njia ya tatu, nayo ndiyo iwapendezayo sana walimu: kukifanya kila kitu kuwa fumbo lenye jibu lake, kama kitendawili. Stroberi ni hiki, kome ni kile, ndege ni uasherati. Njia hii haikosi msingi. Mtaalamu Dirk Bax alionyesha jinsi Bosch alivyochota katika methali na misemo ya Kiholanzi cha zamani, ambamo kuchuma matunda lilikuwa neno la staha kwa tendo la mume na mke, na ganda la tunda liliweza kumaanisha ugomvi. Sisi tuliozaliwa katika lugha yenye mafumbo hatushangai. Hata kwetu tunda lina maana ambayo mzee haitaji mbele ya watoto. Lakini mafumbo hayahami nchi bila kubadilika, na hapa mwalimu yampasa ajihadhari. Mfano ni bundi. Akiwaonyesha watoto wetu bundi katika chemchemi ya Edeni, watasema mara moja: ndege wa mkosi, mtu atakufa. Kwa watu wa Bosch bundi alikuwa zaidi mfano wa upofu: ndege aipendaye giza kuliko nuru, tena atumiwaye na wawindaji kuwavuta ndege wadogo mtegoni. Ni maana mbili mbalimbali. Ile ya kwetu ni habari ya msiba ujao toka nje. Ile ya kwao ni habari ya moyo usiotaka kuona. Vivyo hivyo sungura: mtoto wetu atamcheka kwa furaha, kwa kuwa hadithini amezoea kumwona akimshinda mkubwa kwa werevu, bali hapa ni dunia iliyopinduliwa, mawindo yamekuwa mwindaji, wala si mchezo.

Kwa sababu hiyo sisi twaona kwamba maana kubwa ya picha haimo katika fumbo hili au lile. Imo katika kitu kimoja ambacho hakihitaji mfasiri, na ambacho hata mtoto atakiona asiambiwe: kimo. Katika Edeni mtu ana kimo chake. Adamu, Hawa na Muumba wao wamekaa mbele, nao ndio watazamwao kwanza. Wanyama na miti imepangwa nyuma yao. Katika ubao wa pili kimo kimegeuka. Tunda limempita mtu, ndege amempita mtu, na mtu amekuwa kama mdudu aliyezama katika embe. Katika ubao wa tatu vitu bado ni vikubwa kuliko mtu, ila sasa si vitamu tena: kinubi kimekuwa mti wa kutundikia, kisu kimekuwa gari, sikio limekuwa jiwe la kusaga. Kitu kilichomzidi mtu kwa utamu kimebaki pale pale kikimzidi kwa uchungu. Kiswahili kina neno kwa jambo hili, nalo ni kupita kiasi. Kiasi ni kipimo. Dhambi katika picha hii si tunda. Ni tunda lililompita mtu kimo kwa kuwa mtu mwenyewe amejipunguza mbele yake.

Jambo la pili lalithibitisha hilo. Ubao wa kwanza na wa pili zina mstari mmoja wa upeo wa macho, majani yale yale, nuru ile ile. Mtu angeweza kutembea kutoka Edeni mpaka katika bustani ya pili asijue kwamba amevuka mpaka. Chemchemi ya waridi ya kushoto ina mwenzake katikati, ila ile ya katikati ni tufe la buluu lililopasuka, na watu wameingia ndani yake. Mchoraji ameyasema kwa rangi mambo ambayo sisi twahitaji mahubiri mazima kuyasema: kwamba shetani hana bustani yake mwenyewe. Anasa imejengwa kwa vifaa vya paradiso. Kilichoondoka ni kimoja tu. Katika ubao wa kushoto Mungu yupo, naye ameshika mkono wa mtu. Katika ule wa katikati hayupo, na katika umati ule wote hakuna amtafutaye.

Tena tutazame ni nani wengine wasiokuwamo. Hamna mtoto. Hamna mzee. Hamna mgonjwa wa kuuguzwa, wala mtu ashikaye jembe au kinu. Wapo wanaume na wanawake wengi katika ujana wao, wamekumbatiana, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa kwa kukumbatiana huko. Kwa watu wa desturi zetu, ambao humwita mke na mume kwa jina la mtoto wao, jambo hili ni baya kuliko uchi. Ni raha isiyomwachia mtu nyuma yake. Nasi twafikiri kwamba hapa mchoraji amegusa kiini: raha iliyokatwa na kazi, na uzazi, na kuwatunza wakongwe, huwa kama ua lililokatwa shina, bado la pendeza, lakini limekwisha kufa.

Hatuna budi kutaja na jambo lingine ambalo msomaji Mwafrika ataliona yeye mwenyewe. Katika umati wa katikati wamo watu weusi, wanaume kwa wanawake. Wako waliosema kwamba waliwekwa humo kuwa mfano wa dhambi au wa ushenzi wa nchi za mbali. Picha haisemi hivyo. Watu wale wanafanya yale yale wanayoyafanya wenzao weupe, wamesimama nao maji mamoja, si wabaya kuwapita wala si wema kuwapita. Tena Bosch yule yule, katika picha yake ya Mamajusi iliyomo Prado, amemchora mfalme mweusi katika vazi jeupe la fahari, mwenye utulivu na heshima. Mchoraji huyu alijua kwamba dhambi haina kabila, na sisi tusimtie maneno kinywani.

Sasa yatupasa tuseme na upungufu wa kazi hii, kwa kuwa kusifu tupu si uhakiki. Ni wa namna mbili. Wa kwanza ni juu ya muziki. Ubao wa kulia umejaa ala za muziki zilizogeuzwa kuwa vyombo vya mateso, na mwalimu asiyefikiri aweza kumaliza kwa kuzima ngoma zote za kijijini kwa jina la Bosch. Basi na akumbuke kwamba mtu huyu alikuwa mwanachama wa udugu ulioutunza muziki wa kanisa. Hakukishtaki kinubi, alimshtaki mwenye kukiabudu. Lakini ni kweli kwamba picha haikumwonyesha hata mtu mmoja apigaye kinubi vema, na mtazamaji aweza kupotea kwa kukosa mfano huo.

Upungufu wa pili ni mkubwa. Hakuna msamaha. Katika picha yake nyingine iliyomo Prado, ile ya gari la nyasi kavu, watu wa kila daraja wananyang'anyana nyasi, mfano wa mali ya dunia. Lakini juu yao, katika wingu, Kristo anaonekana akionyesha majeraha yake. Ni kweli kwamba watu wa gari hawamtazami, walakini yupo. Katika Bustani ya Anasa Mungu yupo penye mwanzo, kisha haonekani tena. Njia yatoka kushoto kwenda kulia kama mto uendao baharini, wala hakuna daraja. Mwalimu akiisomesha picha hii peke yake atakuwa amefundisha Anguko na Hukumu, akasahau Msalaba. Hilo si jambo dogo. Tumewaona watu waliofundishwa dini kwa hofu peke yake: hofu ikizoeleka, dini yao nayo hukoma.

Hata hivyo kuna mahali pamoja ambapo mchoraji amefungua mlango kidogo, nasi twapenda kumalizia hapo. Ni uso wa Mtu-Mti. Wengine hudhani kwamba ni uso wa Bosch mwenyewe. Sisi hatulijengi jambo juu ya dhana hiyo. Lakini kila mtu awezaye kuona ataona kwamba katika Jehanamu yote, penye kupiga kelele na kukimbia, uso huu ndio uliotulia na kugeuka. Mwili wake umekuwa ganda tupu, ndani yake wageni wananywa, naye anageuza kichwa kana kwamba anataka kuona amefanywa nini. Watu wa bustani hawakutambua, huyu anatambua. Katika uso wake mna huzuni, na huzuni ya namna hiyo kwa Kiswahili twaiita majuto. Methali yetu yasema kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume. Kwake yamekuja akiwa miguu yake imekwisha kuwa magogo, haiwezi kumrudisha. Kwetu sisi tuitazamao picha, miguu ingali miguu.

Je, picha hii yafaa darasani? Kwa watoto wadogo, la. Uchi wake utawashughulisha kuliko maana yake, na mateso yake yatawanyima usingizi. Kwa vijana wanaojiandaa kuoa, kwa walimu wanafunzi, na kwa makatekista, yafaa sana, mradi mwalimu aanze na ubao wa nje, penye neno la Mungu na dunia ya alfajiri, na amalize na Injili ambayo mchoraji hakuichora humo. Na yule mtoto aliyeuliza kama utamu wa embe ni dhambi, na ajibiwe hivi: embe ni zuri, na aliyelifanya alikusudia uwe mtamu. Likae mkononi mwako, mwanangu, ulile, umshukuru Mungu, umpe na ndugu yako kipande. Siku utakapoona kwamba embe limekuwa kubwa kuliko ndugu yako, siku hiyo rudi uniulize tena.